Mathenge Haijui Ua Wako

Watu wangu wa Kalobeyei, hii hadithi ya "niko na mathenge moja tu kwa boma, inanipa kivuli, inamsumbua nani?" mimi nimeichoka. Inamsumbua kila mwenye mbuzi kutoka hapa mpaka Lodwar.

Etirae si mti wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Kenya ilipandwa kwanza 1973 huko Bamburi, Mombasa, kwa machimbo yaliyobaki matupu. Miaka ya themanini ikaletwa Turkana na Baringo, eti izuie jangwa na itupe kuni. Nia nzuri, sikatai. Halafu?

Halafu mbuzi akaonja ganda. Ni tamu! Anakula kwako asubuhi, baadaye yuko Tarach anakunya mbegu ikiwa imelainika, na samadi yake juu. Sasa wewe na ua wako wa miiba utaizuia aje?

Kule Baringo, Wailchamus walifika mahakamani 2006 na mbuzi kibogoyo, meno yameisha kwa sukari ya hayo maganda. Wengine walicheka. 2008 serikali yenyewe ikaitangaza mathenge kuwa gugu hatari. Na bado kuna mtu anamwagilia moja hapa, na maji ya kupigia foleni!

Msiniambie pia nachukia kila mmea wa kigeni. Mahindi na nyanya ni wageni, lakini hazijatuvamia kama mathenge. Lakini gugumaji linalofunga mitumbwi Ziwa Viktoria lilizungushwa duniani sababu ya maua yake mazuri, na dungusi linaloumiza mifugo Laikipia lilianza kama pambo na ua wa boma. Kabla hujapanda, uliza nani atabeba mbegu.

Najua mkimbizi aliyepewa ploti tupu kwa jua hili hawezi kungoja ewoi ikue. Hapo mna haki, na wanaogawa miche wanafaa kuwajibu kwa edome na esekon, si kwa hotuba. Kuni na makaa ya mathenge chomeni tu, iko tele mtoni. Kukata sina shida nako. Kupanda ndio nakataa.

Na ukikata, usiache kisiki juu ya ardhi, itachipuka matawi mengi kuliko ya kwanza. Chimba mpaka chini ya shingo ya mzizi, na ufanye hivyo kabla maganda hayajaanguka.