Vitu vinne vya nyumbani vinavyomlinda mwanao kimyakimya

Chukua kalamu kwenye mkoba wa shule wa mwanao, zile za kawaida ambazo wengi wetu tunaziita biki hata zikiwa za kampuni nyingine. Tazama ncha ya kifuniko chake. Mara nyingi utaona tundu. Watoto huligundua kabla yetu, hulipuliza kama filimbi, kisha huuliza: “Mama, hili tundu la nini?” Na sisi hujibu: “Ndivyo zilivyotengenezwa.”

Maswali ya namna hiyo yanapendwa sana mtandaoni. Kwa nini kitu hiki kina tundu, kwa nini kile kinanuka, kwa nini mlango huu hauna kitasa. Wiki hii tumechagua vitu vinne ambavyo huenda vipo nyumbani kwako sasa hivi. Vyote vina jambo moja linalofanana: vilibadilishwa ili mtoto asipoteze maisha. Na vyote vina jambo la pili: mzazi anaweza kuviondolea kinga yake bila kukusudia.

1. Tundu la kifuniko cha kalamu

Watoto hutafuna vifuniko vya kalamu, na watu wazima pia. Kifuniko kikiteleza na kuingia kwenye njia ya hewa, kile kisicho na tundu huziba kama kizibo cha chupa. Chenye tundu huacha hewa kidogo ipite, na hewa hiyo kidogo huwapa wazazi muda wa kufika hospitali. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wakubwa, BIC wakiwamo, walianza kuvitoboa vifuniko, na leo kipo kiwango cha kimataifa kinachohusu jambo hilo, ISO 11540.

Usilichanganye na kile kitundu kidogo kilicho ubavuni mwa kalamu. Hicho kazi yake ni wino. Wino unaposhuka ni lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Mtoto akitaka kuelewa, mwonyeshe kopo la maziwa: ukitoboa tundu moja maziwa hudondoka kwa shida, ukitoboa la pili yanatiririka.

Kalamu za bei nafuu si zote zina tundu kwenye kifuniko. Pima kwa kupuliza. Hewa isipopita, tupa kifuniko, bakiza kalamu. Na mtoto akipaliwa huku bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe wakati mnamkimbiza hospitali. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.

2. Harufu mbaya ya gesi

Gesi ya kupikia haina harufu. Ile harufu ya kuoza unayoisikia mtungi unapovuja imewekwa kwa makusudi.

Machi 18, 1937, kwenye mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia ilivuja chini ya jengo la shule. Hakuna aliyeisikia kwa sababu haikuwa na harufu. Cheche ya mashine ya kupigia msasa kwenye karakana iliiwasha, na shule ikalipuka. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Mwaka huohuo Texas ikatunga sheria kwamba gesi itiwe harufu, na wengine wakafuata.

Harufu inayotumika hutoka kwenye kemikali za jamii ya merkaptani, ambazo pua ya binadamu huzinusa hata zikiwa kidogo mno. Moja kati yake hutoka pia kwenye mzoga unaooza, na hapo ndipo kilipo kichekesho. Huko Marekani kuna tai mwenye kichwa chekundu anayetafuta mzoga kwa kunusa. Wafanyakazi wa mabomba ya gesi California waliona kwamba ndege hao huzunguka angani mahali bomba linapovuja, wakidhani kuna chakula. Tumbusi wetu wa Serengeti hawawezi kudanganyika hivyo, maana wao hutafuta mzoga kwa macho.

Sasa rudi jikoni kwako. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hushuka na kutanda sakafuni, kimo cha mtoto anayetambaa. Ukisikia ile harufu, usiwashe kiberiti, na swichi ya umeme usiiguse, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi kama unafikika kwa usalama, fungua milango na madirisha, toa watoto nje.

Namna tunavyoiondoa kinga hii ni kuizoea. Pua ikikaa na harufu muda mrefu huacha kuiripoti. Mgeni akiingia na kusema, “Mbona hapa pananuka gesi?” usimbishie. Pua yake ni mpya, yako imechoka.

3. Mlango wa friji usio na kitasa

Friji za zamani zilifungwa kwa komeo la chuma lililofunguka kwa nje tu. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hakuwa na namna ya kutoka. Mpira wa mlango ulizuia hewa, na kuta nene zilimeza sauti yake. Vifo vya watoto kwa namna hiyo ndivyo vilivyofanya Marekani ipitishe sheria mwaka 1956: friji zote zitakazotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1958 ziweze kufunguliwa kwa ndani. Leo mlango wa friji hushikwa na sumaku iliyofichwa ndani ya mpira. Msukume mtoto akuulize inakaa wapi, halafu mpe pini au sarafu ya chuma aitafute mwenyewe.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwa sababu kwetu friji haifi. Ikiharibika huwekwa uani ikisubiri fundi, fundi asipokuja inageuka kabati, na mwisho inasubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Zipo pia friza za samaki na barafu zenye mfuniko mzito na sehemu ya kuweka kufuli. Na watoto wakicheza kombolela hutafuta mahali ambapo hakuna atakayewaona.

Friji au friza isiyotumika, ng’oa mlango wake leo. Inayotumika na yenye kufuli, ifunge. Kazi ya dakika kumi kwa bisibisi.

4. Kifuniko cha dawa kinachotusumbua

Kuna vile vifuniko vya chupa za dawa ambavyo ni lazima ubonyeze huku unazungusha. Bibi akikitoa kwa shida hulalamika kwamba kimetengenezwa na mtu asiyempenda. Kumbe kilichochewa na mtu aliyechoka kuona watoto wakifa. Henri Breault alikuwa daktari wa watoto katika mji wa Windsor, Ontario, nchini Kanada. Alikuwa akipokea watoto waliomeza dawa walizozikuta nyumbani, tena na tena. Mwaka 1967 kifuniko alichokipigania, cha kubonyeza na kuzungusha, kilianza kutumika, na visa vya watoto kumeza dawa mjini kwake vikapungua sana. Mwaka 1970 Marekani nayo ikatunga sheria ya vifungashio vya dawa na sumu za nyumbani.

Namna vifuniko hivyo vinavyopimwa Marekani inafurahisha. Watoto wenye umri wa kati ya miaka mitatu na nusu na minne na kidogo huketishwa wawili wawili na kupewa chupa tupu. Wana dakika tano za kujaribu kuifungua. Wakishindwa, mtu mzima huwaonyesha namna ya kuifungua, huwaambia kwamba wakitaka wanaweza kutumia meno, kisha huwapa dakika tano nyingine. Kifuniko hufaulu kama angalau asilimia 80 ya watoto wameshindwa kukifungua.

Isome tena sentensi hiyo. Kifuniko kinahesabiwa kuwa kizuri hata kama mtoto mmoja kati ya watano amekifungua ndani ya dakika kumi. Kazi yake ni kumchelewesha mtoto mpaka mtu mzima atokee. Hakijatengenezwa kukaa mezani peke yake na mtoto mchana kutwa.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi kifuniko chenyewe hakipo. Dawa za duka la dawa huja kwenye bahasha ndogo ambayo mtoto wa miaka miwili huifungua bila kujifunza. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama mjamzito kliniki, hasa vile vyekundu vinavyong’aa, mtoto huona peremende. Akimeza vingi, madini ya chuma yaliyomo yanaweza kumuua.

Halafu kuna chupa ya soda. Hapa ndipo tunapovunja kinga zote kwa mkono mmoja. Tunanunua mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu au dawa ya kutoa madoa, tunaimimina kwenye chupa ambayo mtoto ameizoea tangu sikukuu yake ya kwanza, kisha tunaiweka sakafuni pembeni ya jiko. Mtoto hakufanya utundu. Alisoma chupa kama sisi tulivyomfundisha kuisoma: hii ni ya kunywa.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mafuta hayo hudhuru zaidi yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika huyapa njia ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na beba chupa uliyoikuta ili mganga ajue alichokunywa.

Kazi ya mwisho wa wiki

Jumamosi hii, zunguka nyumba pamoja na watoto. Waambie mnatafuta siri zilizofichwa. Wapulize vifuniko vya kalamu. Watafute sumaku kwenye mlango wa friji. Wajaribu kufungua chupa tupu ya dawa yenye kifuniko cha kubonyeza, huku wewe ukiangalia saa. Ukiona mdogo wao wa miaka minne ameifungua kwa dakika mbili, utakuwa umejifunza jambo ambalo hakuna mtu angekushawishi kwa maneno.

Wakimaliza, wewe fanya sehemu yako peke yako. Dawa zote, pamoja na za bibi zilizo kwenye mkoba wake, ziende juu ya kabati au kwenye sanduku lenye kufuli. Kila sumu irudi kwenye chombo chake, na kama chombo hicho kimeshatupwa, tafuta dumu lisilofanana na chochote kinachonywewa, liandike, liweke juu. Chupa za soda zibaki kwa soda na maji.

Na mwanao akikuuliza tena tundu la kalamu ni la nini, mjibu kweli. Mwambie lipo ili mtoto akikimeza kifuniko kwa bahati mbaya, aendelee kupumua mpaka mama yake afike.