Biharusi, Mjue Tabibu wa Shehia Yako Mapema



Harusi ikikaribia, visiwani kwetu kila jambo hupata mtu wake. Somo hutafutwa, mpaka hina huwekewa nafasi mapema, na fundi wa nguo hafuatwi mara moja wala mbili. Lakini muulize biharusi jina la afisa tabibu wa kituo cha afya cha karibu, wengi hawalijui. Sisi tunaona hilo ni pengo, na lina gharama yake.

Afisa tabibu ni mtaalamu aliyesomea stashahada kwa miaka mitatu. Hupima, hutibu maradhi ya kawaida, na jambo likimzidi hutupeleka kwa daktari. Marekani wana kada inayofanana nayo, ambayo mafunzo yake yalianza Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965. Huku kwetu mara nyingi ndiye wa kwanza kutuona, ila tunamkumbuka tukishaugua.

Kwa nini ajulikane mapema? Chukua mfano wa asidi ya foliki. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 1,817 katika nchi saba, ambao waliwahi kupata mimba yenye kasoro kama ya mgongo wazi. Waliopewa vitamini hiyo tangu kabla ya kushika mimba, hatari ya kasoro hiyo kujirudia ilipungua kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata, utafiti wa Hungary ukaonesha kuwa hata wasiowahi kupata tatizo hilo hunufaika.

Sasa tazameni saa. Sehemu inayojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wengi wetu wakati huo hata hatujajua kama tuna mimba. Ukienda kliniki mwezi wa tatu au wa nne, utapata faida nyengine nyingi, lakini hiyo imeshapita. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mtu anapoanza kutafuta mtoto mpaka wiki ya 12. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Hapo ndipo anapohitajika mtu anayekujua, si ujumbe wa simu.

Maana habari za afya hazituishii. Leo mdalasini unatibu kila kitu, kesho chanjo inaharibu kizazi. Surat al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi ikikufikia habari ya "utafiti mpya", jiulize: ulifanywa kwa watu au kwa panya? Kwa watu wangapi? Je, anayeisambaza anauza kitu? Kisha ipeleke kwa tabibu, muulize: hii inanihusu mimi?

Mkiwa hapo, ulizeni pia kuhusu kipimo cha selimundu, nyinyi na wachumba wenu. Wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vyake bila ya kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ni bora kulijua hilo kabla ya nikaha kuliko kulijulia wodini.

Wapo wazee watakaosema ni aibu msichana kuzungumzia mimba kabla ya ndoa. Tunawaheshimu, lakini somo huzungumza na mwari mambo ya faragha kuliko hayo, na hakuna anayeona haya, kwa sababu ni mafunzo. Na hili ni mafunzo pia. Ukitaka tabibu wa kike, sema. Ni ombi la kawaida. Kama kituo chenu hakina, ulizia kituo cha jirani, au nenda na mama au dada.

Rai yetu ni hii: ziara moja ya kituo cha afya iingie katika kazi za somo, angalau miezi mitatu kabla ya harusi. Mwari atoke pale akiwa na jina la tabibu, vidonge vyake, na mtu wa kumuuliza siku habari nyengine itakapoingia kwenye simu yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye kheri na vizazi vyenye afya. Amin.