Uso mpya, gari lile lile: hesabu ya soko la magari Kigali

KIGALI – Mkazi wa Batsinda, kule juu katika sekta ya Kinyinya, mwenye RAV4 ya mwaka 2013 na anayetamani ionekane kama ya 2016, si lazima aiuze. Anaweza kushuka hadi kwenye gereji za Gatsata, karibu na Nyabugogo, akapatana na fundi: bampa ya mbele, shoo, taa mbili na rangi. Mwili wa gari ni wa kizazi kile kile, kwa hiyo vipande hukubali bila kukata chuma kingi.

Wengi huliona jambo hili kama urembo. Mwandishi huyu analiona kwanza kama suala la kodi.

Hesabu yenyewe ni hii. RAV4 ya petroli yenye injini ya cc 2,494 ikiingia Rwanda hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya jumla hiyo, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Ukikokotoa, kila dola 1,000 za thamani ya gari huzaa kodi ya dola 622 na senti 50, mbali na tozo ndogo ndogo. Tuchukue mfano kwamba gari la 2016 lilikonunuliwa linazidi lile la 2013 kwa dola 4,000. Likifika Kigali tofauti hiyo imekuwa dola 6,490. Kodi ya asilimia haiongezi bei tu, inapanua pengo kati ya mwaka na mwaka. Taa na plastiki nazo hulipiwa kodi, lakini kwa thamani ndogo mno ukilinganisha na pengo hilo. Hapo ndipo fundi anapopata riziki yake.

Majirani wanaupima umri kwa njia nyingine. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa yaliyozidi miaka 15. Kote huko umri una bei, na penye bei ya umri hapakosi wa kuuficha.

Tatizo la Rwanda lina upande wake wa pekee, nao ni upande wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Bampa haijui kushoto wala kulia. Taa inajua. Taa ya gari lililotengenezwa kwa ajili ya kuendesha kushoto huinua mwanga wake upande wa kushoto, kumulika ukingo wa barabara. Ukiifunga gari la Kigali, ukingo huo unakuwa macho ya dereva anayekuja mbele yako. Na taa za bei nafuu zinazopatikana Kisekka mjini Kampala au Kariakoo, Dar es Salaam, nyingi ni za magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia. Mfanyabiashara anayevusha taa Gatuna au Rusumo bila kuuliza swali hilo anauza hatari, hata kama karatasi zake za forodha ni safi. Ukaguzi wa magari wa polisi hupima taa, hivyo mteja atarudi kulalamika.

Kuna la pili. Baadhi ya RAV4 za 2016 kwa soko la Marekani zilikuja na rada nyuma ya nembo ya mbele, na kamera kwenye kioo karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ili gari lifunge breki lenyewe. Gari lililobadilishwa uso lina nembo bila rada. Mnunuzi anadhani ana kinga asiyokuwa nayo. Aidha, bampa ya kuigiza huweza kuja bila sifongo ya ndani inayopokea pigo.

Mwenye gari akibadilisha kwa mapenzi yake na kusema ukweli anapouza, hakuna aliyeibiwa. Shida huanza kwa dalali anayeandika 2016 kwenye tangazo. Kwa gari lililouzwa Marekani dawa ni rahisi: hesabu herufi ya kumi ya namba ya chesisi. D ni 2013, E ni 2014, F ni 2015, G ni 2016. Magari ya soko la ndani la Japani hayana utaratibu huo, ila hayo ya usukani wa kulia hayapaswi kukuhusu Kigali. Tazama pia lebo zilizoshonwa kwenye mikanda ya usalama, ambazo mara nyingi huwa na tarehe na ambazo fundi wa rangi hazigusi.

Na tangu Agosti 2025 ukaguzi nchini Rwanda unapima pia moshi. Kipimo hicho huchomekwa nyuma ya gari.