MWILI: KIPIMO AU KIPIMWA?

Vidole vya mkono mmoja havilingani, walinena wahenga. Aghalabu kauli hiyo huchukuliwa kuwa funzo la maadili tu, ilhali ni tamko la kisayansi vilevile. Anayetaka kuithibitisha hahitaji maabara. Hunyoosha mkono wake na kuutazama. Ni kwa mintarafu hii ambapo miradi ya wanafunzi ya kupima uwiano wa viungo vya mwili inastahili kutazamwa upya. Miradi ya aina hii imezoeleka katika madarasa ya takwimu, tiba na elimu ya viungo. Makala haya yanashikilia kwamba idara ya Kiswahili nayo ina haki ya kuifanya, ila kwa sharti moja: anayepimwa abaki kuwa mwenye mwili wake.

Sababu ya kwanza ni ya kileksika. Kabla ya mita kuenea, Waswahili walipima vitu kwa miili yao. Upana wa kidole uliitwa wanda. Nafasi iliyopo baina ya ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada ni futuri. Kutoka gumba hadi kidole cha mwisho ni shibiri. Dhiraa, ambayo pia huitwa mkono, huanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, ilhali mkono konde huishia kwenye vifundo vya vidole vilivyokunjwa ngumi. Anayetandaza mikono yote miwili amepata pima, na hadi leo kina cha bahari hutajwa kwa pima. Shibiri 2 ni dhiraa 1. Dhiraa 4 ni pima 1. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, kitambaa cha dhiraa 8 kiliitwa doti. Siku hizi doti ni jozi ya leso, na wengi wanaolitamka neno hilo hawatambui kwamba ndani yake mna mkono wa mtu. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wanaoweza kuonyesha futuri kwa vidole vyao wenyewe? Kamusi huwapa maana ya neno, haiwapi mkono.

Sababu ya pili ni ya kihesabu. Je, ni kweli kwamba pima moja ni dhiraa nne kamili? Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika kwamba dhiraa ni robo ya kimo cha mtu na wayo ni sudusi yake. Mnamo 1490 hivi, Leonardo da Vinci aliichora dhana hiyo kwa mtu aliyesimama ndani ya duara na mraba. Hata hivyo, mwaka 1888 Mwingereza Francis Galton alilinganisha kimo na dhiraa za wanaume wazima, akapata kimo cha kati cha inchi 67.2 na dhiraa ya inchi 18.05. Ukigawanya, jibu si 0.25 bali ni karibu 0.27. Aidha, alikadiria uhusiano wa vipimo hivyo viwili kuwa 0.8, na katika kazi hiyo ndimo ilimochipuka dhana ya uhusiano wa takwimu inayofundishwa vyuoni hadi leo. Jaribio hilo linaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote mwenye futikamba, ukuta na daftari, mradi tu wanaopimwa wavue viatu na kila kipimo kirudiwe mara tatu ili makosa ya mkono yapungue.

Huenda pakatokea wa kudai kwamba kipimo kinachobadilika kulingana na mtu hakifai kitu. Sokoni dai hilo lina mashiko, kwa kuwa muuzaji mwenye mkono mfupi humpunja mnunuzi. Lakini pana mahali ambapo mabadiliko hayo ndiyo siri yenyewe. Tangu zamani Waislamu wasiokuwa na saa walikadiria wakati wa sala kwa kuhesabu nyayo za kivuli. Mtu mrefu ana kivuli kirefu na wayo mrefu. Mfupi ana kivuli kifupi na wayo mfupi. Idadi ya nyayo ikakaribiana. Waliofanya hivyo walielewa uwiano, hata kama hawakuuandikia fomula.

Fauka ya hayo, pana upande wa giza ambao mtafiti chipukizi hana budi kuujua. Galton huyohuyo ndiye aliyebuni, mwaka 1883, jina la elimu iliyodai kuboresha nasaba za wanadamu. Katika miaka ya 1930, hapa Kenya, madaktari wa kikoloni H. L. Gordon na F. W. Vint walipima vichwa na bongo za Waafrika, wakatangaza kwamba ni duni. Nchini Rwanda, Wabelgiji walipima vimo na pua, wakaandika kabila katika vitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho vivyo hivyo vikatumiwa kuwachagua wa kuuawa. Futikamba haikuwa na hatia. Hatia ilikuwa katika swali lililoulizwa kabla ya futikamba kukunjuliwa.

Tofauti iliyopo basi ni bayana. Katika utamaduni wa dhiraa, mwili ulikuwa kipimo: mtu alisimama katikati akaipima dunia. Katika sayansi ya kikoloni, mwili uligeuzwa kipimwa: mtu akawekwa ukutani, wengine wakamwamulia thamani yake. Mradi wa mwanafunzi huangukia upande mmoja au wa pili kutegemea mambo yanayoonekana kuwa madogo. Je, ridhaa imeombwa, au wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamepangwa foleni? Je, msichana amechagua nani ampime? Je, jedwali lina safu ya kabila isiyohitajika? Je, mwenzao mwenye ulemavu ameitwa "kasoro" kwa kuwa hakufikia wastani, ilhali wastani ni hesabu tu wala si amri? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililobainishwa na zisizidi zinazohitajika. Adabu ya Waswahili iliyataka hayo kitambo.

Kwa hivyo, ni muhali kuutetea utafiti unaorudi na tarakimu lakini umewaacha waliopimwa wakiona haya. Idara za Kiswahili ziuanzishe mradi huu: kila mshiriki ajipime shibiri, dhiraa na pima yake, ayataje majina hayo kwa ulimi wake, kisha asome uwiano aliouona. Methali husema mtu hujikuna ajipatapo. Urefu wa mkono ni wa mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kwanza kupaswa kuujua.