Ndege ndogo ikizimika injini, mzigo analipa nani?

Kipuri cha mtambo kinatakiwa Mwanza kesho asubuhi na lori bado liko Nairobi. Hapo ndipo mfanyabiashara hutafuta nafasi kwenye ndege ndogo ya mtu binafsi. Bei hupatanwa kwa simu, hati haiandikwi. Taabu huanza rubani anapolazimika kutua kwenye shamba la mahindi.

Mara nyingi injini huzimika kwa sababu ya mafuta: yamekwisha, yameingia maji au si ya injini hiyo. Ndege za pistoni hutumia Avgas, za tabaini Jet A-1. Avgas ni adimu viwanja vya mbali, hivyo hupelekwa kwa mapipa, na pipa linaloachwa nje hukusanya maji. Jet A-1 ikitiwa kimakosa kwenye injini ya pistoni, injini inaweza kuwaka vizuri ardhini kisha ikafa baada ya kuruka. Uwanja wa Wilson nao uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege iliyojazwa kupita kiasi haina nguvu ya akiba.

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, humbana msafirishaji anayelipwa. Hitilafu ya injini si kisingizio. Lakini fidia ina kikomo: tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 26 kwa kilo (zamani 22), yaani dola 35 hivi. Kipuri cha kilo 40 chenye thamani ya dola 10,000 kitalipwa kama dola 1,400, isipokuwa thamani yake ilitajwa mapema na nyongeza ikalipwa.

Hata hizo zinaweza zisionekane. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haigusi mzigo wa kulipia, na mwenye ndege asiye na cheti cha AOC anafanya biashara hiyo kinyume cha sheria. Afadhali kuomba cheti hicho, bima na hati ya mzigo yenye uzito kabla ya kupakia. Akikasirika, njia ya Sirari ipo.

Mzigo ukifika umeharibika, malalamiko ya maandishi yatolewe ndani ya siku 14 tangu kuupokea.