Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Nyonga hupona nyumbani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MALIPO NA MATUNZO YA WAGONJWA WANAOBADILISHIWA NYONGA



Mama yangu ana miaka 68. Amelima mpunga bonde la Kilombero tangu akiwa msichana. Kwa miaka sita alitembea akichechemea, mpaka gegedu la nyonga ya kulia likaisha na mfupa ukawa unasagana na mfupa. Tulichangishana ndugu wote, tukauza mavuno ya msimu mzima, akabadilishiwa nyonga katika hospitali moja kubwa hapa nchini. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili alisimama, siku ya sita akaruhusiwa kurudi nyumbani na magongo yake.

Wiki nne za mwanzo alijisaidia kwenye ndoo chumbani, huku mimi au mdogo wangu tukimshika. Kwa mwanamke wa umri wake na heshima yake, hilo lilimuuma kuliko kidonda. Wiki ya tano, alfajiri, hakutaka kumwamsha mtu. Akachukua magongo, akaenda uani. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kama vya majirani zetu wote. Alipochuchumaa, nyonga ikachomoka. Tulimkuta chini, mguu umegeukia ndani na unaonekana mfupi kuliko mwenzake. Tulimlaza nyuma ya gari la kukodi mpaka hospitali, akapewa dawa ya usingizi, wakaivuta nyonga ikarudi mahali pake. Tukapokea bili ya pili.

Nilipoisoma tena karatasi ya kuruhusiwa, niliona imeandikwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90. Hakuna aliyetutafsiria nyuzi 90 kwa lugha ya nyumba yetu: asikalie kigoda, asikae mkekani, asichuchumae, aswali kwenye kiti. Na tangu siku ya kwanza ya kliniki hadi siku ya kuruhusiwa, hakuna aliyetuuliza tuna choo cha aina gani.

Wodini, watu walituambia, "Mngelipia njia ya mbele, haya yasingetokea." Maneno hayo yalininyima usingizi. Je, tulimponza mama kwa kukosa pesa? Nimetumia miezi mingi kuuliza madaktari na watu wa fiziotherapia, na kusoma kila nilichoweza. Nakuandikia nilichokipata kwa sababu nchi imeshatunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na swali la nini kilipiwe na nini kisilipiwe ni la kwako.

Njia za kuifikia nyonga ni nyingi, lakini tatu ndizo zinazotumika zaidi. Katika njia ya nyuma, daktari hupitia upande wa makalio na kukata misuli midogo inayozungusha paja, kisha huishona tena. Anaiona nyonga vizuri, hahitaji meza ya pekee, na ndiyo njia inayotumika zaidi duniani. Udhaifu wake ndio uliotupata: mgonjwa akikunja sana, nyonga inaweza kuchomokea nyuma, hasa wiki za mwanzo. Hatari hiyo hupungua sana daktari anapokishona vizuri kifuko cha kiungo pamoja na ile misuli.

Njia ya ubavuni hubandua sehemu ya msuli unaouzuia mwili kulalia upande mmoja tunapotembea. Nyonga huchomoka kwa nadra zaidi, lakini baadhi ya wagonjwa hubaki wakichechemea. Njia ya mbele hupenya katikati ya misuli bila kuikata. Hii inasifiwa siku hizi kana kwamba ni mpya, ingawa daktari Robert Judet aliitumia Ufaransa tangu mwaka 1947. Nayo ina yake: ganzi kwenye ngozi ya paja, mfupa wa paja kupata ufa wakati wa kuingiza kiungo bandia, na kidonda kusumbua kwa watu wanene kwa kuwa kiko karibu na mkunjo wa kinena.

Sasa tuje kwenye kupona. Majaribio yaliyolinganisha wagonjwa wa njia ya mbele na wa njia ya nyuma yameonyesha kwamba wa mbele hutupa magongo mapema zaidi, kwa takriban wiki moja. Siidharau wiki hiyo. Kwa mkulima wakati wa palizi, wiki moja ni kitu. Lakini kufikia miezi mitatu tofauti huwa ndogo mno, na baada ya mwaka mmoja watu hao hutembea sawasawa.

Upande wa pili wa mizani uko Kanada. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Ontario walichapisha uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 30,000 waliobadilishiwa nyonga. Waliofanyiwa kwa njia ya mbele walipata matatizo makubwa ya upasuaji ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 2, wenzao wa njia nyingine asilimia 1. Tofauti hiyo ni ndogo, na imetoka nchi tajiri yenye madaktari waliobobea. Sababu mojawapo inayotajwa ni ujifunzaji: daktari anayehamia njia ya mbele huhitaji kufanya upasuaji wa watu 50 au zaidi kabla mkono wake haujatulia. Ontario hiyohiyo, uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba madaktari wanaobadilisha nyonga chini ya 35 kwa mwaka hupata matatizo mengi zaidi, ikiwemo nyonga kuchomoka.

Mheshimiwa Waziri, hapo ndipo nilipoanza kulala. Mkato pekee haukumponza mama. Daktari wake alitumia njia aliyoizoea, na aliitumia vizuri. Kilichokosekana kilikuwa baada ya mkato, katika zile wiki za mwanzo za nyumbani ambazo hakuna aliyezipangia wala kuzilipia. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nyonga nayo hubadilishwa kwa saa chache hospitalini, lakini hupona nyumbani.

Ukiipanga gharama mezani utaliona jambo hilo. Kiungo bandia chenyewe huagizwa nje, nacho hula sehemu kubwa ya bili kwa njia yoyote ile. Njia ya mbele inaweza kuongeza meza maalumu na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, pamoja na muda mrefu zaidi kwa daktari anayejifunza. Kiti cha choo kilichoinuliwa chaweza kutengenezwa na fundi seremala yeyote kwa mbao na misumari. Sisi tulikitengeneza baada ya ajali, fundi akamaliza mchana mmoja. Kingekuwepo wiki ya kwanza, mama asingefedheheka na ndoo, na tusingelipa bili ya pili.

Kwa hiyo nakuomba mambo manne.

Kwanza, kitita cha bima kilipie kupona. Malipo ya kubadilisha nyonga yajumuishe magongo, kiti cha choo, na mazoezi ya fiziotherapia kwa miezi mitatu katika hospitali ya wilaya iliyo karibu na mgonjwa. Kumsafirisha mtu mwenye nyonga mbichi kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam kwa ajili ya nusu saa ya mazoezi ni gharama na ni hatari.

Pili, nyumba ya mgonjwa iulizwe kabla ya upasuaji. Karatasi moja yatosha: choo chako ni cha aina gani? Unalala kitandani au chini? Unaswali vipi? Nani atakuwa nawe? Majibu hayo yamfikie daktari kabla hajaamua njia, na ndugu wafundishwe kwa vitendo.

Tatu, hospitali zisishindanie jina la mkato. Bima isiilipe njia yoyote zaidi kwa sababu inavuma. Kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali za kanda zinataka kuifundisha njia ya mbele, ifundishwe katika vituo vichache vyenye wagonjwa wa kutosha, chini ya waliobobea, na mgonjwa aambiwe waziwazi daktari wake ameifanya mara ngapi. Fedha ya meza maalumu itangulie kwanza kwenye viungo bandia vinavyonunuliwa kwa pamoja kupitia Bohari ya Dawa, ili bei ishuke kwa wote.

Nne, tuwe na daftari la taifa la viungo bandia. Sweden wameandikisha nyonga zao tangu mwaka 1979. Ukisema wao ni matajiri, jirani zetu wa Malawi walianzisha daftari lao mwaka 2005. Kila nyonga iandikwe: nani aliiweka, kwa njia gani, kiungo cha aina gani, ilichomoka au haikuchomoka, ilidumu miaka mingapi. Hapo tutajua ni njia ipi inayowafaa watu wetu, badala ya kuazima majibu ya Ontario.

Daftari hilo ni deni letu hasa kwa vijana wenye selimundu. Damu yao huziba mishipa inayolisha kichwa cha fupa la paja, mfupa hufa, na kijana wa miaka 25 hujikuta akihitaji nyonga ya mzee. Takwimu za nje zinaonyesha kwamba nyonga bandia zipatazo 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kijana huyo atarudi mezani akiwa bado ana watoto wa kusomesha. Atakayempasua mara ya pili atahitaji kujua ni nini kiliwekwa ndani yake mara ya kwanza.

Mama sasa anatembea. Mwezi uliopita alikwenda shambani kwa miguu yake, akasimama ukingoni akawaelekeza vibarua, maana kuinama bado tunamkataza. Kiti cha mbao kimebaki chooni kwetu. Jirani mmoja, ambaye baba yake anasubiri upasuaji, alikuja kukipima kwa kamba ili naye amwelekeze fundi. Kipimo hicho, Mheshimiwa, kingetakiwa kutoka hospitalini, pamoja na magongo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi na binti wa mgonjwa,
Morogoro.