Fumbo la Winam na Vijana Wetu wa Uzamifu

Anayesimama ufuoni Dunga, mjini Kisumu, wakati maji yamegeuka kijani kibichi mithili ya rangi iliyomwagwa, hudhani anatazama uchafu tu. Kwa hakika anatazama fumbo la hesabu.

Mwaka 1961 mwanaikolojia G. Evelyn Hutchinson aliuliza ni vipi aina nyingi za mwani huishi pamoja katika maji yale yale zikigombania virutubishi vichache, ilhali nadharia ya ushindani ilitabiri kwamba wachache wangewatoa wengine wote. Katika Ghuba ya Winam swali limepinduka. Mbolea za mashambani na maji taka yanapoleta fosforasi tele, bakteria wa rangi ya samawati-kijani, wakiwemo wa jamii ya Microcystis, huwashinda wenzao, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Kwa nini uanuwai huporomoka pale, na waweza kurejea kwa masharti gani? Kupima maji pekee hakutoshi. Pana haja ya nadharia.

Kazi hiyo haidai maabara ya mamilioni. Inadai kompyuta, takwimu za miaka mingi na, zaidi ya yote, wasaa. Ng'ambo wasaa huo una mshahara: nafasi ya utafiti ya miaka miwili au mitatu baada ya uzamifu. Kwetu, aliyevishwa joho leo kesho hukabidhiwa madarasa ya mamia ya wanafunzi, au hukosa kazi kabisa. Mmoja niliyemfahamu, hodari wa milinganyo, alifunza kozi tano kwa muhula katika vyuo viwili. Makala yake juu ya mwani ingali katika mtoto wa meza.

Huenda nikaulizwa mwanaisimu anatafuta nini ziwani. Basi hata lugha inashuhudia: nafasi hiyo haina jina la Kiswahili lililozoeleka, na viumbe wenyewe twawaita vijidudu, kana kwamba wote ni wauaji.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, ahadi haijatimizwa. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Maseno, kile cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo, na kituo cha Kisumu cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi vyaweza kuchangia nafasi mbili tu: mwanahisabati na mwanabiolojia, chumba kimoja, miaka mitatu, wasifundishe zaidi ya kozi moja kwa mwaka. Vipimo vya ghuba vya miaka mingi vipo, vinawangoja.